Sikio Lililokataa Kufunguka

Mimi ndege nimepanda mara moja tu, na sina hamu tena. Jirani mmoja wa mtaa wa Ayany, mumewe alikuwa amehamishiwa Mombasa, na ofisi ikawalipia safari ya ndege. Alikuwa na msichana mdogo mtundu kupindukia na kitoto cha kiume, akatafuta mtu wa kumsaidia kubeba njiani. Haboba, bibi yangu aliyenilea pale Makina, Kibera, ndiye aliyenisukuma niende. Alisema nimekaa sana na kaburi.

Kaburi lilikuwa la mwanangu. Nilikuwa nimemzika majuzi tu, na hakuwahi kunyonya hata siku moja. Mdomo ulishika ziwa, kisha ukaachia. Nilikuwa nikimlaza kifuani, sikio langu shingoni mwake, nikingoja nisikie anameza. Kimya. Tulimdondoshea maziwa kwa kijiko, yakamtoka pembeni mwa mdomo. Alipokufa Haboba alinifunga kifua kwa kanga, akakaza, ili maziwa yakauke. Hayakukauka. Maziwa hayana akili, hayajui nani amekufa.

Ndege ilipopaa mtoto wa jirani akalia, tukampa chupa. Akatulia, tukajiona mafundi, tukamwachia akamaliza yote. Wajinga sisi, tulijuaje kwamba kazi yenyewe iko kwenye kushuka? Mhudumu akapita na sahani ya peremende, akatuambia tumumunye ili masikio yasizibe. Yule msichana akajaza kiganja. Lakini kitoto kisicho na jino utakipaje peremende?

Tulipoanza kushuka, sikio langu la kushoto likaziba, likauma kama limechokonolewa na kijiti. Nikafikiri, ikiwa mimi mtu mzima nasikia hivi, huyu je? Alijipinda, akavuta masikio yake, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mama yake akamtikisa, akamtia chupa tupu mdomoni, akaitema. Ziwa la mama mwenyewe lilikuwa limekauka zamani. Kilio kile kikayaita maziwa yangu, gauni likalowa. Nikavuta mtandio nijifunike kwa aibu, lakini mama yake alikuwa ameshaona.

"Dada, mpe," akasema, kisha akageukia dirishani.

Nikalegeza kanga. Mtoto akashika, na hakuachia. Sikio limeziba, injini nazisikia kwa mbali kama ziko kwa jirani, na katikati ya ule ukimya nikamsikia, ndani kabisa ya kichwa changu: ku, ku, ku. Anameza. Nililia, na sioni haya kusema. Nilijiambia huyu ni mtoto wa watu, huyu ni mtoto wa watu, lakini mwili wangu haukutaka kusikia habari hiyo.

Uwanjani mama yake alimchukua, akanishukuru bila kunitazama usoni. Nikarudi Nairobi kwa treni. Wao sikuwaona tena.

Sikio likagoma kufunguka. Kila nikimeza mate, mlio ule ule unanijibu humo ndani. Nikichota maji, yumo. Nikilala, yumo. Watu walinisemesha upande wa kushoto nikawapita, wakasema huzuni imenipanda kichwani. Mwishowe nikamsimulia Haboba yote. Kwetu mtoto uliyemnyonyesha ni wako, na wanao ni ndugu zake. Haboba akawaza kidogo, akaniambia basi sasa nina mtoto Mombasa. Nilimjibu vibaya, kwamba mimi nilimtaka wa Makina. Hakukasirika. Alipasha mafuta ya simsim kwenye kijiko, akayajaribu kwa kidole, akaniambia nilaze kichwa magotini pake.

Nikakataa.

"Ukilizibua," nikamwambia, "nitamsikia wapi?"

Akakiweka kijiko chini. Tangu hapo hakunigusa sikio, ila nilikuwa nikimkuta ananitazama ninapomeza.

Lilifunguka lenyewe, asubuhi moja nikifua nguo uani. Nilipiga mwayo tu. Kelele za Kibera zikaingia zote kwa mkupuo: treni inapita, wauza omena wanabishana, mtoto wa nyumba ya pili analilia uji. Nikaacha nguo kwenye karai. Nikameza mate, nikasikiliza. Nikameza tena, na tena, mpaka koo likakauka.

Haboba akatoka, akaniuliza nina nini.

"Ameachia," nikamwambia.