Gari la mikate la Kimarekani lililonichanganya akili Matrah, kabla ya 1970

Wakuu, salaam aleikum. Mie mzee wenu wa Muscat, mzaliwa wa Unguja, nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Kuna kijana katupia hapa picha ya lile gari la Kimarekani la kusambazia vitu, refu kama kabati, dereva anaingia wima bila kuinama. Akauliza kama liliwahi kufika huku kwetu.

Lilifika. Moja nalijua vizuri, na haya nnayoyasema wallahi yamenitokea mwenyewe. Ila msinitake ufafanuzi, maana mpaka leo yananichanganya.

Sie tulihamia huku baada ya mambo ya 1964, tukakaa Matrah. Magari yalikuwa machache, ukisikia mngurumo tu unajua anapita nani.

Hilo gari lilifikaje, kila mtu ana lake. Wengine walisema lilishushwa melini pamoja na vyombo vya watu wa mafuta. Wengine wakasema la Mmarekani aliyeondoka akaliacha. Nijuavyo, kwao lilitengenezwa kwa ajili ya wauza maziwa na mikate wanaopita nyumba hadi nyumba. Milango ya mbele inasukumwa pembeni, kidaraja kiko chini, dereva anapanda na kushuka siku nzima bila kuumia magoti. Nyuma rafu tupu.

Na shikeni hili: baina ya dereva na mzigo hakuna ukuta. Kutoka usukani mpaka mlango wa nyuma ni kitu kimoja.

Kwetu lilinunuliwa na tajiri mmoja wa tanuri, likawa linapeleka mikate kwenye kambi za mafuta. Dereva wake Murad, Mbaluchi, mtu mpole, Kiswahili hajui hata neno. Bodi yote bati, na jua letu mnalijua, humo ndani tanuri la pili.

Basi. Siku moja alasiri mke wangu Zuwena akashikwa na uchungu.

Mtoto wetu wa mwanzo tulimpoteza kwa kuchelewa kufika hospitali. Kwa hiyo safari hii nilikuwa na khofu kubwa. Hospitali ya wanawake ilikuwa Muscat mjini, ng'ambo ya mlima, na kwa punda hapelekwi mtu katika hali ile. Nikakimbia kwa Murad. Akaja bila hata kuuliza.

Bi Shinuna, mama mkwe wangu, akalizunguka gari. Akachungulia. Akaona sakafu, rafu, dari, na mtu anasimama wima.

"Hiki chumba," akasema.

Kwisha! Akavua viatu. Mashoga zake nao wakavua vyao, wakavipanga chini pembeni ya gari kama mlangoni kwa mtu. Wakatandika godoro, wakamlaza Zuwena, wakafukiza na ubani. Ubani ndani ya gari, wakuu.

Murad akaweka mguu kwenye kidaraja apande kwenye usukani.

"Weye! Toka!" Bi Shinuna akampigia ukelele. "Kuna mzazi humu! Mwanamme haingii!"

Kwa asiyejua, kwetu chumba anachojifungulia mwanamke mwanamme hakanyagi, awe mume, awe kadhi.

Murad akanitazama. Nikamfasiria kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. Akasema, "Hadhi sayyara, ma ghurfa!" Yaani hili gari, si chumba.

Nikamfasiria mkwe. Akasema, "Gari gani lina makabati?"

Nikamfasiria Murad. Akajikuna kichwa, maana rafu kweli zipo.

"Sasa mama, nani ataendesha?"

"Aendeshe huko huko nje."

Huko nje! Na hilo nalo nikamfasiria, sijui kwa nini. Murad akalizunguka gari zima, nadhani anatafuta usukani mwengine.

Zuwena ndani analia, "Khalfan, nakufa mie!" Hapo nikachanganyikiwa kweli kweli. Huyu ana haki yake, huyu ana haki yake, na mke wangu anateketea kati yao. Nilitaka kumshika mkwe wangu mkono nimtoe, mkono haukwenda. Nilijichukia.

Aliyetukwamua ni Zuwena mwenyewe. "Mama, si mfunge kanga tu twende! Loo!"

Zikafungwa kanga, rafu hii mpaka ile, nyuma ya kiti cha dereva. Bi Shinuna akatoa masharti: Murad asigeuke hata kidogo, na mie nisiingie kabisa. Nikasimama nje kwenye kidaraja, nimeng'ang'ania chuma cha kioo cha pembeni. Gari likaondoka, viatu vya watu vimebaki vimepangika barabarani.

Kilimani injini ikaanza kutokota. Mlango wa mji wa Muscat hatujauona hata kwa mbali. Mara nyuma ya kanga, "Simamisha! Simamisha!" Murad neno halijui, lakini alisimama.

Nikaking'ang'ania chuma kile, nikamkumbuka mtoto wetu wa mwanzo.

Halafu mtoto akalia.

Mkono wa mkwe wangu ukatokea pembeni ya kanga, na mtoto ndani ya kitambaa. "Mwadhinie mwanao, Khalfan. Upesi."

Nikampokea pale pale kwenye kidaraja. Nikasema Allahu Akbar. Kinachofuata sikukijua! Adhana nnayoisikia kila siku tangu kuzaliwa! Nikarudia Allahu Akbar, nikarudia tena, machozi yananitoka, kichwa kitupu.

Murad, macho yake mbele barabarani, hajageuka hata kidogo, akaanza kuisoma taratibu. Yeye neno, na mie nalifuata sikioni mwa mtoto. Mpaka mwisho.

Kanga ikafunguka. Kaifungua Bi Shinuna mwenyewe.

"Mwambie ageuke," akasema. "Amtazame mtoto."

Sikuwahi kumfasiria. Aligeuka mwenyewe.

Gari lile baada ya 1970, barabara zilipokuja na magari yakajaa, niliambiwa limepelekwa Qurayyat kubebea samaki. Sikuliona tena.

Funzo? Nilichokipata mie ni kuwa mtu unayemfungia mlango usimhukumu kabla hujajua anakuja na nini. Zaidi ya hapo sina.

Binti yetu sasa ni bibi wa watu, anakaa Al Khoudh. Ukimuuliza kazaliwa wapi, anasema kwenye gari la mikate. Marehemu Bi Shinuna mpaka anaondoka duniani alikuwa akisema, "Muongo huyo, kazaliwa chumbani, na dereva alikuwemo, kwa idhini yangu."

Mie nimewasikiliza wote wawili miaka yote hii na bado sijaamua lile lilikuwa gari au chumba. Haya wakuu, nyie mnaonaje?