Filamu Ambayo Watu Hawakuichoka

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikasimama ng'ambo ya barabara nikiogopa kuingia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kijana mwenye haya kupita kiasi. Nilikuwa nimetoka mtaa wa Satellite kwa miguu mpaka katikati ya jiji kwa sababu niliona aibu kumuuliza mtu ni basi gani linakwenda wapi. Aliyeniona ni Opereta Mkuu wa ukumbi ule wa sinema, Mzee Wafula, mtu wa Bungoma. Alinipandisha ngazi za chuma hadi chumba cha mashine, kule juu nyuma ya viti vyote.

"Nasikia unaogopa watu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Basi umefika kwenu. Hapa watu wanakupa mgongo tu."

Ninyi mnaobonyeza kitufe mkaona picha, sisi tulikuwa tunawasha moto. Ndani ya kila mashine kulikuwa na vijiti viwili vya kaboni. Umeme ukiruka kati yake hutoa mwanga mkali, ndio unaopeleka picha kwenye pazia. Vijiti huungua kama mshumaa, na opereta huvisogeza kidogo kidogo ili mwanga usififie. Mashine zilikuwa mbili kwa sababu rili moja, yaani gurudumu la chuma linalobeba mkanda wa filamu, haibebi filamu nzima. Ukiona doa dogo kwenye kona ya pazia, unafungua mashine ya pili na kufunga ya kwanza. Ukichelewa, ukumbi wote unapiga miluzi.

Kaboni ikiungua hutoa moshi mchungu. Bomba lenye feni lilipaswa kuuvuta hadi juu ya paa. La kwetu lilikuwa limeziba na feni imekufa.

Meneja alikuwa na desturi yake: matengenezo yote yalingoja filamu iondoke, ukumbi ufungwe kidogo, mafundi waingie kwa pamoja. Kwa filamu nyingine desturi hiyo haikuwa na ubaya, maana zilikaa wiki moja au mbili zikaenda. Halafu ikaletwa hii ya muziki wa roki. Haikuwa na hadithi. Ni bendi ya Wazungu wenye nywele ndefu, jukwaani, usiku mmoja, mpaka mwisho. Mimi na Mzee tulidhani Ijumaa ijayo itarudishwa.

Haikurudishwa. Vijana wa mtaa wa kitajiri wa Kileleshwa walikuja na suruali zao pana chini, wanafunzi wa chuo wakaja, watoto wa maduka ya Kihindi wakaja, na waliouza magazeti mchana walikaa viti vya mbele jioni. Wengine walikuwa wameiona mara nyingi kuliko mimi niliyelipwa kuionyesha. Kuna mahali mwimbaji anajifuta jasho kwa taulo na kuirusha mbele. Kila onyesho, safu ya mbele walinyoosha mikono kuidaka.

"Wanajua haifiki," Mzee Wafula alisema siku moja, amebandika uso kwenye kidirisha. "Na bado wananyoosha. Shuleni hawaambiwi cheza. Nyumbani hawaambiwi imba. Waache."

Yeye alikuwa mtu wa kanisa na makelele yale hakuyapenda. Lakini katikati ya filamu kuna wimbo wa pole, gita moja tu, na ukumbi hunyamaza kabisa. Hapo alikuwa anaziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakitikisika, asiwaharibie kwa kukohoa. Wimbo ukiisha, ngoma zikirudi, ndipo anajiachia. Kitambaa nilikiona. Kilikuwa na damu.

Alikwenda kwa Meneja mbele yangu.

"Bwana Meneja, moshi wote unabaki humu na sisi."

"Nimesikia, Wafula. Filamu ikiondoka tu."

"Itaondoka lini?"

"Watu wakiichoka."

"Basi nitaomba Mungu wachoke," Mzee akasema. Meneja alicheka. Mzee hakucheka.

Hospitali walimwambia aache kazi ile. Lakini alikuwa na watoto shuleni, na pale mlangoni vijana walikuwa wanauliza kazi kila asubuhi. Aliendelea mpaka akawa hawezi kupanda ngazi bila kukaa katikati. Ndipo mkewe akaja akamchukua, wakapanda basi la kwenda Bungoma. Habari ya kifo ililetwa na shemeji yake, mchana, nikiwa naunga mkanda uliokatika. Filamu ilikuwa bado inaonyeshwa.

Kesho yake sikuwasha mashine. Nilishuka ofisini, nikasema sitawasha mpaka bomba lizibuliwe.

Meneja alinitazama sana. "Kumbe unaongea."

"Leo naongea, Bwana Meneja."

Alipiga simu. Fundi alikuja na ngazi, akatoa kiota cha njiwa na masizi ndoo nzima, akabadilisha feni. Onyesho la saa tisa lilianza kwa wakati wake. Hakuna hata tiketi iliyorudishwa.

Baadaye nilifanya kazi kumbi nyingine, nikawa Opereta Mkuu, nikapita chini ya mameneja wengi. Filamu ile haijafa. Vijana wananiambia imerudi kwenye kumbi za mjini, imesafishwa, na wananiuliza kama ni nzuri kweli. Ni nzuri. Nawaambia waende.

Kila ukumbi niliopelekwa, nilipanda paa kwanza kutazama bomba, kabla ya kugusa mashine. Ikiwa limeziba, hapaonyeshwi kitu. Mameneja waliniita msumbufu, mmoja akaliandika neno hilo kwenye ripoti. Nilistaafu na jina hilo, na mapafu yangu yote mawili.