Nyuma ya Misa ya Shukrani

Siku yangu ya kwanza ku chirurgie, fasi ya kupasua bagonjwa, ya Butembo, nikitoka maternité ya Beni kwenye nilikuwa muuguzi wa kuzalisha, munganga-mukubwa hakunionyesha chumba cha operesheni. Alinipeleka mbele ya benchi tupu ku koridori.

"Mama, kazi yako iko hapa," aliniambia. "Bale tulipasua bakirudi kukaa hapa kila mwaka, tunajua kama bamepona. Bakikosa, hatujui kitu."

Niliwaza ananichezea. Mais nyinyi bauguzi, bainfirmiers ba leo, mujue: tulikuwa tunatoa prostate, ile tezi ya banaume chini ya kibofu, kama kansa imeingia ndani. Tezi ikitoka, kipimo cha damu chenye kuitwa PSA kinashuka karibu na sifuri. Kikianza kupanda tena, kansa ilibakia fasi fulani ya mwili, hata kama mwenyewe analima na kula vizuri.

Sasa, kwetu mutu akipona, familia inafanya misa ya shukrani na kuchinja mbuzi. Kisha pale, kurudi hospitali kunaonekana kama kumwambia Mungu hatukukuamini. Mwalimu mumoja wa Masereka, mwenye tulimutoa tezi, alifanya misa kubwa; mbuzi yake nilikula, na ilikuwa tamu kabisa. Mwaka uliofuata hakuonekana ku benchi. Nilipanda moto, ile pikipiki, mpaka kwake, mavumbi mpaka ndani ya masikio.

"Mama, nilishashukuru," alisema. "Unataka niende kuamusha ugonjwa?"

Nilikasirika, nisiwafiche. "Papa Mwalimu, fanya misa kila mwaka, hakuna mwenye kukukataza. Mais damu kwanza, misa nyuma."

Bibi yake wa ndoa alikuwa anasikiliza. Alisimama, akafunga kitenge, akasema yeye na bwana yake banashuka na mimi mpaka hospitali.

PSA ilikuwa imepanda. Hapa hakuna mashini ya mionzi ya kuua kansa, donc munganga alimutuma Kampala. Aliporudi tulipima, tukangoja, tukapima tena: imeshuka. Nililia mbele ya mugonjwa, kitu chenye tulikatazwa shuleni.

Habari ilifika kwa mapadri; tangu pale benyewe balikuwa banauliza kila familia yenye kuomba misa: damu mulishapima?

Siku ya retraite yangu, ya kustaafu, nilipita ku koridori kuaga. Benchi lilikuwa limejaa bapapa bale tulipasua, bengine bamesimama. Mwalimu, mvi kichwa chote, alisimama kuniachia fasi yake.

"Kaa, Mama," alisema. "Bakiisha kutupima, tunaenda wote misa. Leo mbuzi ni yako."