Upande wa Floarea

Kitu cha kwanza ulichokiona kwa Gavril ni namna alivyokaa. Hata kwenye benchi tupu mbele ya kanisa alijibana pembeni, akaacha nafasi ya mtu. Kwa miaka kumi na miwili nafasi hiyo ilikuwa ya mkewe, Floarea, aliyekuwa Italia akimtunza bibi mgonjwa kwa mshahara. Godoro lao lilikuwa na shimo upande wa Gavril. Upande wa Floarea ulibaki tambarare kama meza.

Sasa yule bibi amefariki, na Floarea anarudi.

"Nakuja mwezi mmoja, nione," alisema kwenye simu. "Nikishindwa kulala hapo, nitatafuta bibi mwingine."

Gavril akaagiza godoro la mpira wa asili lenye matabaka sita, matatu kila upande: gumu, la wastani na laini. Unayapanga upendavyo, kisha unafunga zipu ya mfuko wake. Alilitandika katika chumba kizuri, kati ya mazulia ya sufu na mito aliyokuja nayo Floarea alipoolewa, iliyorundikwa hadi karibu na dari. Upande wa mkewe aliweka tabaka gumu juu, kama alivyopenda zamani.

Jirani yake, Nastasia, alikuja kuchungulia, akajitupa kitandani na soksi zake.

"Lo! Gumu kama ubao! Unamlaza mkeo hapa au unakaushia jibini?"

"Ndivyo anavyopenda."

"Alipenda akiwa na miaka arobaini, jirani! Halafu humu? Humu tunalaza kasisi na wakwe. Kwani Floarea anakuja kama mgeni?"

Nastasia alipoondoka, Gavril alimpigia mkewe simu.

"Siku hizi unalalaje?"

"Kwa ubavu wa kushoto. Nyonga ya kulia iliharibika kwa kumnyanyua bibi. Mbona unauliza?"

"Basi tu."

Mchana ule ule alifungua zipu, akayabeba matabaka moja moja hadi chumba kidogo chenye jiko, walikolala tangu waoane. Gumu chini, la wastani katikati, laini juu. Akajaribu upande wa Floarea, kwa ubavu wa kushoto, akajikuta anatazama mahali pake mwenyewe, patupu. Akainuka haraka.

Jumamosi basi dogo la kutoka Italia lilitarajiwa saa kumi. Tangu saa sita Gavril alikuwa kwenye benchi la njia panda, kajibana pembeni, macho kwenye kona ya barabara.