Siku Niliyovimba Mbele ya Baba Mkwe

Nilikuwa nimelala chali kwenye theluji, mgongoni nina puto kubwa la rangi ya machungwa, miguu juu kama kobe aliyepinduliwa.

Hatua chache pembeni yangu, mlima ulikuwa unaondoka.

Sitanii. Unaondoka kabisa, unateremka bondeni.

Na baba mkwe mtarajiwa amenikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyeufukuza.

Naitwa Tadej. Kwetu Prekmurje ni tambarare tupu, kitu kirefu kuliko vyote kijijini ni kiota cha korongo juu ya nguzo ya umeme.

Sasa moyo wangu ukaenda kuangukia wapi? Kwa Neža, binti wa Bohinj, huko milimani ambako watoto wanavaa skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, kabla hawajajua kushika kijiko.

Siku ya utambulisho, babake, Mzee Ciril, akanyoosha masharubu na kuniuliza, "Skii unajua, kijana?"

"Nimeteleza sana, baba," nikapiga fiksi. "Uswisi, Austria. Tena huko porini kabisa, pasipo njia."

Ukweli? Nilishawahi kushuka kijilima cha watoto mara nne. Mara mbili kwa makalio.

Neža akanikanyaga chini ya meza. Nimeshachelewa.

"Basi Jumamosi tunapanda mimi na wewe," akasema mzee.

Jumamosi tukiwa garini, redio ikatangaza hatari ya maporomoko ya theluji: daraja la tatu kati ya matano. Upepo umerundika theluji mpya kwenye miteremko ya kaskazini, watu wawe waangalifu.

Mzee akapunguza mwendo. "Unaonaje, Tadej?"

"Tatu?" Nikacheka kwa dharau. "Uswisi tulikuwa tunashuka kwenye nne, baba, huku tunakula mkate."

Akameza mate. Akazima redio. Akazima na simu. Mimi nikajisemea, huyu mzee ni jabali.

Tukapanda kwa saa tatu nzima. Mgongoni nilibeba begi la kuazima, lile lenye puto ndani. Ukizolewa na theluji unavuta kishikio, puto linajaa, linakusaidia usizame.

Tulipofika juu, nikachungulia upande wa pili.

Mama yangu.

Mteremko ulikuwa umesimama wima, mweupe, umetuna kama mto mpya wa manyoya.

"Tangulia, mtaalamu," mzee akasema.

"Hapana, baba. Wakubwa kwanza."

"Mgeni kwanza."

"Baba, kwetu nikikutangulia nitachapwa."

Tukasimama pale tunapeana heshima kama watu mlangoni mwa kanisa.

Nikakumbuka kavideo nilikokaona mtandaoni. "Kwanza tuchimbe," nikasema kwa sauti ya kibingwa. "Tuipime theluji."

"Naam!" mzee akadakia haraka mno. "Tuchimbe sana!"

Tukachimba pale pale ukingoni shimo la kufika kiunoni. Nikakata kinguzo cha theluji, nikaweka beleshi juu yake, nikaanza kugonga kwa vidole. Moja. Mbili. Ya tatu, bamba lote la juu likachomoka kama droo ya kabati.

Chini yake theluji haikushikana hata kidogo. Ilikuwa chembechembe kama sukari, ukiishika inamwagika.

"Hii maana yake nini?" mzee akauliza kwa kunong'ona.

"Maana yake..." Nikaitazama. "Maana yake hii ni theluji, baba."

Jasho likaanza kunitoka. Nikapapasa kifua nifungue zipu nipate hewa. Nikavuta.

Haikuwa zipu.

PAAA! Puto likafumuka, likanisukuma mbele, skii zikapishana, nikarudi nyuma nikaanguka kwa uzito wangu wote na wa chakula cha mama mkwe.

Chini yetu kukatoka sauti nzito, *vuuum*, kama ng'ombe anayejilaza.

Ufa ukakimbia pembeni ya skii zangu, ukaukata mteremko toka huku hadi kule. Halafu mteremko ukashuka wote. Vipande vikubwa kama magari, vumbi jeupe, ngurumo mpaka msituni.

Sisi tukabaki juu ya mgongo wa mlima. Wazima.



Mzee Ciril akakaa chini taratibu. Masharubu yanatetemeka.

"Tadej."

"Naam, baba."

"Uswisi ulifika kweli?"

"Nilipita na treni, baba. Tena nilikuwa nimesinzia."

Nikangoja beleshi la kichwa.

Mzee akafunika uso kwa glavu. "Mimi nashuka pale hotelini tu, kwenye njia iliyosawazishwa na mashine. Sijawahi kuja huku porini maishani mwangu! Nilikuwa nakufuata wewe!"

"Baba, mimi nilikuwa nakufuata *wewe*!"

Tukatazamana. Tukacheka mpaka tukalia, kisha tukalia kweli, kidogo tu, kila mtu akiangalia upande wake.

Tukateremka kwa miguu, tukifuata nyayo zetu za kupandia, skii begani. Puto halikujua kunywea, nasi hatukujua kulinyweza. Njiani tukakubaliana tutakachosema nyumbani: hali ya hewa ilibadilika.

Tulipofungua mlango, Neža alinirukia, uso umelowa machozi. Nyuma yake kasimama mamake, Mama Marinka, mwanamke mpole wa supu na keki.

Shingoni ana darubini.

"Simu nimepiga mara kumi na nne!" akafoka. "Mmeniaga mnaenda kunywa chai kwenye kibanda cha mlimani! Daraja la tatu, upepo siku mbili, upande wa kaskazini, nanyi mnapanda tu kama mbuzi?"

"Mke wangu, wewe umeyajulia wapi hayo?" mzee akauliza.

"Miaka thelathini nashuka milima hii na dada zangu kila Alhamisi! Wewe unadhani huwa naenda kwaya?"

Mzee akakaa. Mara ya pili siku hiyo.

Neža nilimwoa mwezi wa tano. Mlimani sasa naenda na mama mkwe, na swali lake la kwanza kabla hatujatoka ni moja tu: "Leo nani anaogopa?"

Mimi nanyoosha mkono wa kwanza, bila aibu. Nawe msomaji, ukihisi woga, useme mapema kabla hujafika ukingoni. Huenda unayemfuata anatetemeka kuliko wewe.