Takikadia na Ubwabwa wa Marehemu

Moyo wangu ulipoanza kwenda mbio, nilijua tu ni marehemu mume wangu, ana njaa. Kwetu Chiola, marehemu akikukumbuka anakutikisa, nawe unampikia sadaka, watoto wanakula. Nikapika ubwabwa, nikaita watoto wa jirani. Wakala, wakagombania ukoko, moyo ukatulia. Ulipoanza mbio tena, nikapika tena, ukatulia tena. Nikasema huyu mzee kawa mlafi huko aliko, lakini angalau ananikumbuka.

Ukaja msimu wa kupalilia ufuta, watu wakahamia mashambani. Moyo ukanishika nimeinama kwenye mafiga. Nikapika, nikaita, hakuna aliyeitika. Ubwabwa nikaula mwenyewe, na kifua kinadunda kama mtu anatwanga humo ndani. Ndipo nikampigia simu mjukuu wangu. Ni muuguzi Ruangwa, nimemlea mimi tangu hajaota jino, na katika ukoo wetu hakuna wa kumfikia. Nasema wazi, anayechukia achukie.

Akaja, akanipeleka hospitali Nachingwea. Daktari, kijana hata ndevu hana, akanishika mkono, akasema takikadia. Nikamuuliza ugonjwa huo dawa yake nini. Akasema si ugonjwa.

"Bibi, takikadia ni moyo kwenda mbio kupita kawaida. Hilo ni jina la mbio, siyo la kinachoukimbiza."

Akanieleza kwamba ukitoka kisimani na ndoo kichwani, moyo lazima ukimbie. Ukikimbia nawe umekaa, inatafutwa sababu: pengine homa, pengine maji yamepungua mwilini, pengine tezi ya shingoni, hata hofu. Wakanipima. Mimi damu ilikuwa imepungua. Akauliza nakula nini. Chai, nikamwambia, na ugali kwa chumvi. Nani anachuma mboga ya mtu mmoja?

Nikapewa vidonge, tukaenda kulala kwa mjukuu Ruangwa. Asubuhi nikafunga furushi langu nirudi kwangu. Akasimama mlangoni.

"Bibi, ukianguka kule, nani atajua?"

Nilifungua mdomo nimtajie mtu. Nikazipitia kichwani nyumba za upande wetu, moja moja: huyu kafa, huyu kahamia kwa mwanawe, hawa wako shamba mpaka mavuno.

Nikaliweka furushi chini.

"Basi kaniletee godoro langu," nikamwambia. "Hilo lako linaumiza mgongo."