Sindano na Damu ya Ukoo

Baba alikufa kwa ndui. Alikuwa akivuka kwenda kisiwa cha Bumbire kununua samaki wakavu na kuwauza sokoni Muleba, na safari moja akarudi na homa. Walimjengea kibanda cha majani pembeni mwa kibanja chetu, kule migomba inakoishia, na aliyemhudumia hadi mwisho ni shangazi, dada yake. Shangazi hakuiogopa ndui. Ilikuwa imempata akiwa mtoto, ikamwachia uso wenye vishimo, na watu walisema ugonjwa ule haurudi kwa mtu mara mbili. Siku ya maziko majirani walisimama mbali. Hakuna aliyelala kwetu matanga.

Mama alikuwa amekwisha kutangulia, muda mfupi baada ya kumzaa kitindamimba. Nikaacha shule darasa la tano. Nilibaki na wadogo zangu watatu, na migomba na kahawa ya baba. Shangazi aliishi kilima cha pili na wajukuu zake. Alikuja kila baada ya siku chache na kikapu kichwani, akakagua masufuria yangu, akanionyesha mgomba wa kukata na wa kuacha. Bila yeye sijui tungekula nini mwaka ule wa kwanza.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini haikuwa rahisi kumpinga.

Habari zilikuja tena kutoka visiwani: ndui iko katika kambi za wavuvi. Ilikuwa baada ya Azimio, siku ambazo kila jambo lilipitia kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu akasimama baada ya misa, akatangaza kwamba Bwana Afya angefika uwanja wa kigango Jumatano kuchanja watu wote, wakubwa kwa wadogo, bure. Akasema tujitokeze kama tunavyojitokeza shamba la ushirika. Mtu mmoja nyuma akasema basi ataona watu wachache, na wengi wakacheka, hata balozi mwenyewe.

Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani kicheko kiliisha. Habari iliyotembea njiani ilikuwa ya sindano. Ilisemekana kwamba ni ileile moja, inayotoka mkono huu na kuingia mkono ule. Kwa wageni hilo si kitu. Kwetu lilikuwa kubwa. Zamani zile wanaume wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjana kando ya kitovu, wakapaka damu kwenye buni, kila mmoja akameza buni yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo watoto wao walikuwa ndugu, hawakuweza kuoana. Sasa fikiria kijiji kizima kipitiwe na sindano moja. Wazee walikaa wakihesabu koo na kuuliza vijana wataoa wapi. Kijana mmoja aliyekuwa amekwisha kupeleka pombe ya posa alisema yeye atachanjwa, ila mchumba wake abaki nyumbani. Mchumba akamjibu kwamba anayepaswa kubaki ni yeye, maana ndiye mwoga.

Shangazi hakucheka. Alikuja jioni ile akaketi kwenye jamvi, akasema wadogo zangu hawatakwenda. Alikuwa na wasichana wawili wa kaka yake wa kuozesha kwa heshima, na mvulana mmoja wa kushika kibanja. Hataki damu yao ichanganywe kama maharage sokoni. Nikamwambia naiogopa ndui kuliko posa.

"Mimi niliugua nikapona," akasema.

"Baba hakupona, shangazi."

Akasimama. Akachukua kikapu chake kabla sijakitia kitu, akasema nikiwapeleka nisimtafute tena. Akaondoka bila kuagana na watoto.

Siku zilizobaki nilifanya kazi zangu kama kawaida, lakini kichwa hakikutulia. Shangazi hakusema upuuzi. Wasichana wale wangeishi miaka mingi katikati ya watu wenye kuamini hivyo, na neno la watu huweza kumfungia msichana mlango. Upande mwingine kulikuwa na kile kibanda cha majani, ambacho tulikuwa tumekichoma moto lakini bado nilijua kilipokuwa. Nilipokuwa nikimenya ndizi Jumanne likanijia jambo dogo. Sisi wanne tuna damu moja tayari. Kama sindano ingeanza kwetu, kabla ya mtu mwingine yeyote, ingebeba damu gani isipokuwa yetu?

Jumatano niliwaamsha mapema, umande ukiwa bado mzito, tukafika kigango kabla ya watu. Bwana Afya alikuwa akipanga vitu vyake juu ya meza ya katekista. Alikuwa kijana wa kutoka mbali, hajui Kihaya. Nikamweleza kwa Kiswahili changu cha darasa la tano kwamba tunaomba kutangulia. Akasema, "Aliyefika kwanza ndiye wa kwanza."

Nikakunja mkono wa gauni. Hapo ndipo nilipomwona shangazi akipanda njia, khanga imemlowa kwa umande hadi magotini. Alifika moja kwa moja akamshika kitindamimba mkono. Nikamwambia kabla yetu hakuna aliyechomwa, damu ni ya kaka yake tu.

"Na jana sindano hii ilikuwa kwa nani?" akauliza.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamtafsiria Bwana Afya. Hakukasirika wala hakututania. Aliwasha taa yake ya spiriti, akaipitisha ile sindano katika ndimi za moto, akaiacha ipoe, akasema hufanya hivyo kwa kila mtu. Nikatafsiri. Shangazi akaomba arudie. Akarudia. Aliinama karibu sana na ule moto, akautazama kwa muda.

"Buni iliyopita motoni haioti," akasema, akiniambia mimi, si Bwana Afya.

Akauachia mkono wa mtoto.

Nilichomwa mimi kwanza, kisha wasichana, kisha mdogo, aliyelia kwa nguvu hata waliokuwa wakianza kufika wakasita njiani. Shangazi ndiye aliyewageukia. Akawaeleza habari ya moto na ya buni kwa sauti ambayo mimi nisingekuwa nayo, kwa kuwa mimi nilikuwa binti tu. Mstari ukajipanga, ingawa kila ukoo ulisimama pamoja, na yule kijana wa posa alimwacha mchumba wake mbali kabisa, kwa tahadhari.

Wiki iliyofuata mkono wa mdogo wetu ulivimba, akawaka homa, akakataa chakula. Niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa. Shangazi alikuja akakaa naye, akamkanda kwa kitambaa cha maji, na hakuniambia hata mara moja kwamba alinionya. Asubuhi moja mtoto aliamka akitaka uji. Alipomaliza bakuli akaomba tena, na shangazi akaniambia nisisimame pale nikitabasamu, niongeze kuni.

Ndui ilifika mwaloni, kule ziwani mitumbwi inakofikia, mwaka ule, ikachukua watu. Haikupanda kwetu. Bwana Afya aliporudi kwa ajili ya waliobaki, shangazi aliteremka kutoka kilima chake na wajukuu zake wote nyuma yake, wamenawishwa nyuso, mkubwa akimshika mdogo, na akanituma nikimbie mbele nikawashikie nafasi.